Mkono Mfukoni: Miaka Thelathini na Mitatu ya Vali, Fyuzi na Wivu Wangu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili alasiri, Fundi Mkuu wa karakana ya nyumba yetu ya redio atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe. Mimi nina miaka thelathini na moja katika karakana hiyohiyo, meza ya pili kutoka mlangoni, na sijawahi kumpita kwa jambo lolote, hata kwa idadi ya siku za kazi.

Mkurugenzi aliponiomba niandike wasifu huu wa kuchapwa kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga alisema hakuna anayemfahamu mstaafu kuliko mimi. Alisema kweli, ingawa sababu hakuijua. Ukimwonea mtu wivu kwa muda mrefu utamjua kuliko mkewe anavyomjua. Najua kwamba hukunja mkono wa kushoto wa shati kabla ya wa kulia, kwamba hunusa kifaa kabla ya kukifungua, na kwamba akiona umekosea hasemi neno, hukohoa tu. Rasimu yangu ya kwanza ilirudi kutoka kwa Mkurugenzi ikiwa na alama nyekundu kila mahali nilipoandika "lakini". Alizihesabu zikawa kumi na tisa. Hii ni rasimu ya nne. Ameipitia na kuipenda yote, isipokuwa aya hii na sehemu inayoanzia binti yangu anapoingia, ambazo hajaziona; hizo nimezipeleka mwenyewe kwa mchapaji. Kuna jambo kati ya mstaafu na mimi ambalo halijasawazishwa, linahusu jina lake zuri, na nisipolisawazisha kabla hajatoka mlangoni sitalisawazisha tena.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mstaafu aliingia hapa kama mbeba nyaya wa matangazo ya nje, bila cheti chochote. Kazi aliisoma kwa macho, akiwa amesimama nyuma ya mafundi na bunda la waya begani. Mimi nilikuja miaka miwili baadaye na stashahada ya miaka mitatu, nikaitundika ukutani juu ya meza yangu ndani ya fremu ya kioo. Wageni wenye vifaa vibovu walikuwa wakiingia, wakaisoma stashahada yangu kwa heshima, wakatikisa kichwa, kisha wakapitiliza hadi meza ya kwanza. Wahenga walishasema chema chajiuza. Sikuwapenda wahenga kwa hilo.

Jina la Mkono Mfukoni alilipata mwaka wake wa tano. Wasiojua kazi zetu niwaeleze kidogo. Vifaa vya zamani vya sauti vilitumia vali, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani, na vali haziridhiki na umeme wa betri. Zinataka volti mia tatu, mia nne. Umeme huo ukiingilia mkono mmoja ukatokea mwingine, njiani utakuwa umepita kifuani, na huko ndiko moyo ulipo. Kwa hiyo mstaafu, kila anapopima kifaa cha vali kilichowashwa, huuweka mkono wa kushoto mfukoni na kufanya kazi kwa mmoja. Mkurugenzi wa wakati huo, marehemu sasa, alipita dirishani, akamwona, na kumwandikia barua ya onyo kwa "kufanya kazi kwa ulegevu unaotia aibu". Mwezi uliofuata mkurugenzi huyohuyo alitaka kutuonyesha jinsi ya kurekebisha mashine ya zamani ya sahani za muziki, akaishika kwa mikono miwili, na tukamwokota chini ya kabati. Alipona, ashukuriwe Mungu. Siku tatu baadaye barua ya onyo ikafutwa, na likaja agizo kwamba mafundi wote wa karakana wafanye kazi na mkono mmoja mfukoni.

Sayansi ya agizo hilo niliikubali. Kumwiga ndiko kulikonishinda. Basi mimi mkono wangu niliuweka mgongoni, na nimeuweka huko kwa miaka ishirini na minane. Dada wa mapokezi aliwahi kuniuliza kama nasubiri gwaride.

Mafanikio yake ni mengi na nafasi ni ndogo. Katika zamu zake zote matangazo yetu yalikatika dakika kumi na moja tu, na dakika tisa kati ya hizo zilisababishwa na panya. Amefundisha mafundi tisa. Mimi nimefundisha wanne, na wawili kati yao walihamia mezani kwake kabla ya kuhitimu. Nyumba hii ilipotupa vifaa vyake vya vali, yeye aliomba apewe masanduku ya vali zilizobaki, na sote tukamcheka, mimi nikicheka kwa sauti kubwa kuliko wenzangu. Leo wapiga gita wamezirudia vali kwa sababu wanadai sauti yake ina joto, wanajiundia amplifaya majumbani mwao, zinawashinda, na wanazileta kwake. Kulikuwa na benchi moja la kusubiria nje ya karakana. Mama wa usafi aliongeza la pili.

Hapo ndipo binti yangu anapoingia. Asubuhi hufundisha hesabu shule ya msingi, na jioni hupiga gita na wenzake watatu. Mwaka jana, tukiwa mezani kwa chakula, alisema anataka amplifaya ya vali. "Nitamwomba Baba Mkubwa aniundie," akasema, na kuendelea kula. Baba Mkubwa ndiye mstaafu wetu. Kwa umri ameniacha miezi kumi na minne tu, lakini nyumbani kwangu yeye ni Mkubwa. Niliweka kijiko chini nikatangaza kwamba amplifaya hiyo nitaiunda mimi, baba yake mzazi, mwenye stashahada. Mke wangu akaendelea kugawa mboga. Amenizoea.

Niliiunda kwa miezi minne juu ya meza ya kupigia pasi. Sanduku la bati la aluminiamu nililikata na kulikunja mwenyewe. Ndani nikapanga vali tatu ndogo na mbili kubwa, na waya zikiwa zimenyooshwa na kufungwa kwa uzi, kila kiungo kimelehemiwa hadi kinang'aa. Sijisifu bure, ilipendeza. Transfoma ya umeme niliinunua kwenye duka la vipuri nyuma ya posta, ambako mafundi wote wa mji huu hununua, na ambako mwenye duka hupima kila transfoma mbele ya macho yako kabla ya kuifunga kwenye karatasi. Aliipima na hiyo. Ilikuwa nzima.

Sasa, mstaafu ana ubao wake. Ni kipande cha mbao chenye soketi, na juu yake balbu ya kawaida ya nyumbani. Kifaa kipya hakichomekwi ukutani moja kwa moja. Huchomekwa kwenye ubao huo, ili umeme upite kwanza kwenye balbu. Ukiwasha na balbu ikamulika kidogo kisha ikafifia, uko salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ujue ndani kuna shoti, zima haraka, na hakuna kitakachokuwa kimeungua kwa sababu balbu imeubeba mzigo wote. Kila fundi aliyepita mikononi mwake anao ubao kama huo nyumbani. Mimi sinao. Ungekuwa wazo la mtu mwingine ningekuwa nao tangu zamani.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Binti alikuwa mazoezini. Nikaichomeka ukutani moja kwa moja, nikawasha, na fyuzi ikakatika. Kila mtu wa kazi yetu anajua kwamba fyuzi iliyokatika inakueleza jambo, na kazi yako ni kutafuta jambo gani. Ningemfokea mwanafunzi ambaye angefanya nilichofanya. Nilitoa fyuzi ya ampea moja nikaweka ya ampea tano. Nilitaka iwake kabla binti hajarudi. Haikukatika, haikuweza kukatika, na transfoma ikaanza kunguruma, ikatoa harufu ya rangi inayoungua, kisha moshi. Mke wangu akaja mbio na beseni la maji. Nashukuru nilimzuia.

Kosa lenyewe nililiona baada ya dakika tano za kutazama kwa utulivu, dakika ambazo nilipaswa kuzitumia kabla ya kuwasha. Kapasita moja kubwa, kile kikopo kinachohifadhi umeme, nilikuwa nimeigeuza, upande wa chanya ukiwa mahali pa hasi. Balbu ya mstaafu ingelisema kosa hilo kwa sekunde moja. Nilifungua madirisha, nikabadilisha kapasita nikaiweka sawasawa, nikafuta masizi, na binti aliporudi nikamwambia kwa kigugumizi kwamba transfoma ilikuwa mbovu tangu dukani. Akaniamini. Mimi ni baba yake, na mbele yake sijawahi kuunguza kitu.

Nilitegemea jambo litaishia hapo, nitafute transfoma nyingine polepole. Jumanne yake binti akaibeba amplifaya na kuipeleka kwa Baba Mkubwa. Alijua siku hiyo niko kituo cha mitambo. Hakujua nimerudi mapema na nimo stoo, nyuma ya rafu ya nyaya, natafuta plagi. Niliwaona kupitia katikati ya mabunda. Mstaafu aliigeuza amplifaya, akainusa. Aliweka mkono wa kushoto mfukoni ingawa haikuwa imechomekwa popote. Akachukua kioo cha kukuzia akatazama viungo vyangu kimoja kimoja, kisha akasema, "Baba yako ana mkono safi. Mimi sijawahi kulehemu hivi." Nilisubiri miaka thelathini kuisikia sentensi hiyo, na aliisema nikiwa nimejificha.

Kisha akafungua kikombe cha fyuzi. Kapasita nilikuwa nimebadilisha, masizi nilikuwa nimefuta, fyuzi nilikuwa nimeisahau. Akaitoa ile ya ampea tano, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa muda mrefu. Nikajua nimekwisha. Akaitumbukiza mfukoni mwa ovaroli lake na kumgeukia binti yangu. "Transfoma za siku hizi, mwanangu, usizitegemee kabisa," akamwambia. "Niachie hapa, nitaishughulikia."

Mtu mwema angeshukuru. Mimi nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Nyumbani uongo ule niliusema natokwa jasho, nikigugumiza. Yeye aliusema bila kupepesa, na hata mimi niliyejua ukweli nilikaribia kuzilaumu transfoma za siku hizi. Hata uongo wangu aliusema vizuri kuliko mimi.

Lakini uongo ukishatoka haukai ulipouweka. Binti yangu ana damu ya baba yake, haachi jambo. Kesho yake baada ya vipindi alikwenda dukani akamtolea mwenye duka maneno mbele ya wateja, na aliposhindwa hoja akatoa silaha yake kubwa: "Hata Baba Mkubwa ameipima, amesema ni mbovu!" Mwenye duka alijua alichouza. Aliumia, na aliyeumia husema. Alimwambia kila fundi aliyeingia kwamba Mkono Mfukoni amezeeka, hawezi tena kutofautisha transfoma mbovu na transfoma iliyounguzwa. Maneno hayo yalichukua wiki moja kufika kwenye mabenchi yetu. Wapiga gita wawili walisimama kutoka meza ya kwanza na kuhamia ya pili.

Hapa niseme nilivyojisikia, maana wasifu wa uongo hauna faida. Nilifurahi. Kwa siku mbili nilitembea humu ndani nikipiga mluzi. Watu walinisalimia wakataja stashahada yangu. Siku ya tatu mmoja wa wale wapiga gita aliniinamia akaninong'oneza, "Eti ni kweli mzee ameanza kupoteza ujuzi?" Nami, ninayejua kwamba mzee alilitambua kosa langu kwa pua kabla ya kugusa bisibisi, nikamjibu, "Umri, ndugu yangu, umri." Niliyasema hayo mstaafu akiwa hatua nne kutoka kwangu. Sijui kama alisikia. Mluzi uliishia hapo na haujarudi.

Naye wakati huo alikuwa anafanya nini? Kila saa ya chakula cha mchana, kwa siku tisa, alikaa na transfoma yangu iliyoungua. Alifumua waya wote, akauhesabu mzunguko kwa mzunguko kwenye karatasi, akaisuka upya kwa mkono kwa waya mpya. Siku ya kumi niliikuta mezani kwangu imefungwa kwenye gazeti. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini alisema vile kwa binti yangu, yeye ambaye hajawahi kumficha hata mkurugenzi kosa la fundi yeyote. Aliendelea kufuta mita yake. "Mtoto akishaanza kumkagua baba yake hamalizi," akasema. Nikamuuliza kuhusu mwenye duka. Akasema watapatana tu. Hawajapatana. Mstaafu amenunua vipuri pale kwa miaka thelathini, na sasa akifika nyuma ya posta huvuka barabara akapita upande wa pili.

Alhamisi iliyopita, kazi ilipokwisha, tuliiwasha. Nasema tuliiwasha, lakini yeye hakugusa chochote. Aliweka ubao wake wa balbu mezani kwangu, akavuta stuli, akakaa, na kunitaka nifanye yote mwenyewe kwa mpangilio. Kwanza macho. Nilifuata kila waya kwenye mchoro kwa penseli nyekundu, kuanzia plagi hadi spika, kisha kuanzia spika kurudi kwenye plagi. Nilikagua chanya na hasi ya kila kapasita, ile moja nikaikagua mara tatu, na mstaafu akakohoa kidogo kunihurumia. Fyuzi ya ampea moja. Spika imeunganishwa, kwa sababu amplifaya ya vali ikiwashwa bila spika huweza kuiunguza transfoma ya sauti, ile inayoilisha spika. Vali zote nje.

Nikachomeka kwenye ubao. Balbu ikamulika, ikafifia. Nikapima volti kwa ncha moja ya mita, ile nyingine ikiwa imebanwa kwenye bati, na mkono wa kushoto ukiwa mgongoni kama kawaida yangu. Volti kubwa zilikuwepo, na zile hasi zinazozituliza vali kubwa zilikuwepo pia, chini kidogo ya hesabu kwa sababu balbu inakula sehemu yake. Nikazima, nikachomoa. Mkono wangu ulipoelekea ndani ya sanduku, akakohoa. Kapasita kubwa hushika umeme hata baada ya kuchomoa, na mafundi wengi wameumizwa na kifaa kilichozimwa. Nikazitoa umeme kupitia rizista, kipande kinachoupunguza umeme taratibu, yenye mpini wa plastiki, nikapima hadi mita ikasoma sifuri. Ndipo nikaziweka vali.

Mara ya pili balbu ilipanda kidogo kadiri vali zilivyopata joto, kisha ikatulia. Mstaafu akanionyesha swichi ya taa ya chumba, nikaizima na kufunga pazia. Tulizitazama vali kubwa gizani kwa dakika tano nzima, kuona kama mabamba yake ya ndani yatageuka mekundu. Hayakugeuka. Nikauondoa ubao na kuchomeka ukutani.

Amplifaya ikapiga yowe. Mlio mmoja mrefu, mkali, uliomtoa dada wa mapokezi kitini. Nilizima nikamtazama mstaafu. Mstaafu alitazama dari. Ndipo nilipofanya kwa mara ya kwanza katika kazi hii kile alichowafundisha mafundi tisa: kutulia na kukiuliza kifaa swali moja kwa wakati. Nilitoa vali ya kwanza ya mbele, nikawasha, mlio upo. Nikazima, nikatoa ya pili, mlio upo. Basi kosa liko nyuma. Nikazima, nikatoa umeme kwenye kapasita, nikafungua waya mmoja mwembamba unaorudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye spika hadi ndani. Nikawasha. Kimya. Sauti ilikuwa inarudi kinyume na inavyotakiwa, ikijichochea yenyewe. Dawa yake ni kubadilishanisha waya mbili za transfoma ya sauti, ya bluu ikae mahali pa kahawia na ya kahawia mahali pa bluu. Nilizima, nikatoa umeme, nikapima sifuri, nikazibadilisha, nikaurudisha ule waya mwembamba na vali mbili. Nikawasha, na spika ikatoa mvumo mdogo tu wa kifaa kilichotulia.

Mstaafu hakukohoa.

Tulimpigia simu binti, akaja na gita lake na vumbi la chaki bado liko mikononi. Alipiga kwa nusu saa. Sina ujuzi wa kueleza muziki. Naweza kusema tu kwamba mama wa usafi aliacha ndoo akakaa kwenye moja ya mabenchi yake, na mimi nilikuwa natafuta leso. Alipomaliza binti akanikumbatia, akasema, "Nilijua, baba. Nilijua kazi yako haina kosa, ni ile transfoma tu." Mstaafu akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Kabla sijalisawazisha lile jambo nililolitaja mwanzo, nitoe shukrani za wafanyakazi wote kwa mstaafu wetu: kwa mafundi tisa, kwa dakika kumi na moja, kwa kila aliyerudi nyumbani mzima kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni. Pia nimkaribishe mgeni niliyemwalika mimi mwenyewe. Ni mwenye duka la vipuri nyuma ya posta. Nimemwekea kiti karibu na mlango, na nimemwomba asome ratiba hii hadi mwisho.

Binti yangu, najua uko safu ya pili, wenzako watatu wanafunga ngoma ili mumpigie Baba Mkubwa, na amplifaya iko jukwaani inapata joto. Soma hapa kabla hujapanda. Transfoma ilikuwa nzima. Mwenye duka aliipima mbele yangu na hakunidanganya. Niliiunguza mimi, kwa kapasita niliyoigeuza na fyuzi ya ampea tano niliyoiweka kwa haraka na kwa wivu, kisha nikakudanganya machoni. Nenda kwa mwenye duka umwombe radhi, nami nitakuwa nyuma yako kuomba ya kwangu, ambayo ni kubwa zaidi. Na ninyi mafundi na wapiga gita mnaosema mzee ameanza kupoteza ujuzi: mzee aliujua ukweli siku ya kwanza, akachagua kuonekana mjinga kuliko kuniaibisha kwa mwanangu. Yule aliyewajibu kwamba ni umri alikuwa anasema uongo, na ndiye anayeandika haya. Kuanzia leo binti yangu atanikagua. Nastahili kukaguliwa.

Ndugu Mkono Mfukoni, wenzako wote hapa wanakuombea afya, usingizi mtamu na miaka mingi ya kukaa bila kuitwa na mtu. Mimi nakuombea hayohayo, kwa kinyongo kidogo, maana najua hata kustaafu utastaafu vizuri kuliko mimi. Umechukua meza ya kwanza, cheo, mabenchi mawili ya watu, na jina la Mkubwa ndani ya nyumba yangu. Nenda navyo, ni halali yako. Uongo ule uache hapa. Ni wangu.